Baba Alisimama Katikati ya Sinema

Baba yangu alisimama katikati ya ukumbi wa sinema, Jumamosi mchana, hapa Phnom Penh… na ukumbi mzima ukamcheka.

Mimi ndiye niliyekuwa namrekodi.

Naitwa Kunthea, nina miaka ishirini na mbili. Nisomeni mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Mshua wangu, mzee Saroeun, anapenda filamu za mizimu za zamani. Zile za kichwa cha mwanamke kinachoelea, utumbo unaning'inia. Sisi vijana tunaona mpaka uzi unaokivuta! Yeye analia machozi.

Nikamwambia huo ni ushamba, twende nikamwoneshe kitisho cha siku hizi. Akakataa. Nikamdanganya kwamba hata hii ni ya mizimu.

Moyoni nilitaka video tu… mzee akiruka kwa woga.

Dakika ya ishirini ya filamu, jamaa kwenye skrini kafungwa mikono nyuma, kapigishwa magoti kando ya shimo. Anapiga mayowe.

Baba akasimama. Hakuruka.

"Sivyo," akasema taratibu. "Hawapigi kelele. Huwa wananyamaza."

Watu wakaangua kicheko. Akatoka akipapasa viti kama kipofu.

Kabla hatujafika nyumbani nilishaiposti. Ikasambaa kama moto. Watu mtandaoni wakamwita "babu mtaalamu wa mauaji"… na mimi nikaweka alama za kicheko.

Jioni hakugusa chakula. Nilipombana sana, akanisimulia kwa mara ya kwanza. Wauaji wa Khmer Rouge walipoitawala Kambodia yetu alikuwa na miaka kumi na moja. Dada yake, Chenda, aliuawa kando ya shimo kwa kuiba mahindi, naye akalazimishwa kutazama.

"Sasa mizimu unaipendea nini, Baba?"

"Mzimu hurudi nyumbani, mwanangu. Chenda nimemsubiri zaidi ya miaka arobaini. Hata ndotoni haji."

Nikamwambia labda amepumzika.

Akatikisa kichwa.

"Waliniuliza nani kaiba. Nikamtaja."

…

Nikaingia chumbani, nikaifuta ile video. Nilikuwa nimechelewa, nakala zake zimejaa kila mahali.

Ndugu zangu, msimcheke mzazi kwa kinachomtisha kabla hamjajua macho yake yaliona nini. Na mkiiona hiyo klipu, msiisambaze.

Baba hana simu ya kisasa, bado hajui. Yuko sebuleni, ameketi peke yake.

Naenda kumwambia ni mimi.