Joto la Diski ya Hidaya

Hidaya aliingia dukani kwa Mansuri, fundi kompyuta wa pembeni ya stendi ya Msamvu, kabeba CPU kiunoni kama mtoto. Gauni lake la kitenge cha njano lilikuwa limemkaa, wapiga debe wakasahau abiria.

"Fundi, mgonjwa wangu ana homa."

"Mgonjwa ni yeye au wewe?"

"Mtibu huyu kwanza. Mimi nitapanga foleni."

Mansuri akaifungua, diski inachemka. "Unaifunika?"

"Kitambaa cha shangazi, kafuma mwenyewe. Vumbi la kwetu Bigwa hulijui?"

"Basi hicho kitambaa kitaiua, mrembo."

Akamwekea programu: joto likipita nyuzi hamsini, ujumbe unaingia kwenye simu ya Mansuri. Kisingizio hicho!

Kila mara anapiga: "Malkia, mgonjwa kafika hamsini na mbili."

"Ukiona imepanda nipigie tu, daktari wangu."

Mapenzi yakanoga. Siku moja, wakila mishikaki, Mansuri akamwambia kwamba mama yake alifariki yeye akinyonya. Hajui hata sauti yake ilikuwaje.

Hidaya akalishika neno hilo. Akaenda Mlali kwa ndugu wa marehemu, akapewa kaseti ambazo mama alijirekodi salamu za kumtumia mumewe Dar. Collins, mwalimu mwenzake Hidaya, akaleta redio ya kaseti, wakawa wanaingiza sauti kwenye kompyuta. Ukanda ulikuwa umeoza, ukipita mara moja unakatika. Ilikuwa zawadi ya siku ya posa, na Mansuri asijue.

Simu ya Mansuri ikalia: hamsini na tano.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Shule."

"Kompyuta umewasha?"

"Wala!"

Huyu fala akapanda pikipiki hadi Bigwa. Akamkuta Collins anatoka getini, Hidaya kajifunga khanga anamsindikiza, wanacheka. Angeuliza, yangeisha palepale. Hakuuliza, akageuza pikipiki.

Shangazi naye akaona mashine imeachwa wazi, akaifunika kitambaa ikiwa inawaka. Hamsini na nane. Sitini na moja. Sitini na sita. Simu moja tu ingetosha kuiokoa. Mansuri alizitazama namba zile, akalaza simu kifudifudi mezani.

"Iungue," akasema. "Na mapicha yao humohumo."

Kesho yake Hidaya akaja na CPU yake, macho yamevimba. "Mansuri, iokoe, nakuomba."

"Imekufa. Jana niliona inapanda. Mwambie Collins akununulie nyingine."

"Uliona?"

"Mwanzo mwisho."

Hidaya akaketi. Akamweleza yote, Mlali, kaseti, redio ya Collins, kisha akamwekea mezani ukanda uliokatikakatika.

 Mansuri alichomoa diski, akaiwasha, akaiweka sikioni. Ilikuwa inagonga tu, tik, tik, tik. Akapiga magoti mbele ya wateja, analia bila aibu.

"Nisamehe, Hidaya. Nakuoa hata leo."

"Inuka, unajichafua."

"Uliwahi kuzisikiliza?"

"Zote."

"Alinitaja?"

"Alikutaja. Akakuimbia na wimbo wa kukulaza."

"Upi? Nitajie hata neno moja, mama yangu, neno moja tu!"

Hidaya akatoa kitambaa cha shangazi mkobani, akaifunika ile CPU, akanyoosha pembe zote nne.

"Wewe uliona, ukanyamaza," akasema. "Mimi nilisikia, nami nanyamaza."

Akajifunga khanga vizuri, akatoka kuelekea stendi.