Vidude Vilivyopakwa Rangi

Niliona kwanza jambo dogo: zile taa ndogo nyekundu za darini zilikuwa hazikonyezi tena. Kila chumba kilikuwa na kidude cheupe kilichobanwa darini, na kila kidude kilikuwa na taa iliyokonyeza kila baada ya muda, kama mtu anayekuitia umbea. Sasa juu palikuwa peupe tu. Niliona nikiwa nafagia, nikaendelea kufagia.

Ndugu zangu wa Tukuyu, nyumba ninayowasimulia ni ya wageni, ya vyumba vinane, hapa Makandana. Ilikuwa nyumba yenye amani. Asubuhi wageni walikunywa chai mvua ikinyesha, na mwenyewe, Mzee Andongwisye, alizunguka akiisifu. Mama yake, Bibi Ikupa, alilala chumba cha mwisho. Mimi nilifua na kupiga deki.

Tatizo la Mzee lilikuwa moja. Alipenda kitu kipendeze kuliko kifanye kazi. Kabla ya Pasaka alipaka dari zote rangi, na vile vidude vya kutambua joto akavipaka pia, mara mbili, vifanane na dari. Kidude kilichopakwa rangi hakisikii joto hata nyumba ikiungua chini yake.

Mwezi wa tano akaja fundi Hasheem kutoka Mbeya kuvipima. Bila karatasi yake, Mzee asingepata kibali cha kuendelea na biashara. Hasheem ana fimbo ndefu yenye kikombe kichwani, na kikombe hicho hupuliza hewa ya moto kama mashine ya kukaushia nywele saluni. Anakifunika kidude kwa kikombe, joto linapanda, kengele ya nyumba nzima inalia. Isipolia, kidude kibovu.

Mzee alijua havitalia. Jana yake nilimkuta amesimama juu ya meza, ameinua pasi ya moto hadi darini, anasubiri. Kengele haikulia. Ndipo akanionyesha kitufe chekundu cha ukutani kwenye korido, kile cha kubonyeza mtu akiona moto.

"Neema, kesho simama hapa. Nikikohoa, bonyeza."

Nikasema ndiyo, Mzee. Mimi huwa nasema ndiyo.

Chumba cha kwanza kilikwenda vizuri. Hasheem akainua fimbo, Mzee akakohoa, nikabonyeza, kengele ikalia. Wageni walitoka mbio, na muuza viazi mmoja wa Isongole alitoka na povu la sabuni kichwani. Mzee akawaambia ni majaribio tu, wakisikia tena wasijisumbue. Chumba cha pili nacho, safi kabisa.

Lakini Mzee alikuwa na mafua ya kweli. Wakielekea chumba cha tatu, kikohozi kikambana. Nikabonyeza.

"Mzee wangu," Hasheem akasema taratibu, fimbo ikiwa bado begani, "hiki kimelia hata sijaingia."

"Vya kwangu vina akili. Vikimwona fundi tu, vinajua kazi yao."

Akakohoa tena kwa ile shida ya kujieleza. Nikabonyeza tena. Hasheem akasema anaomba chai kwanza.

Wakati wanakunywa, nikampelekea Bibi chai yake. Nikakuta moshi unatoka chini ya mlango. Siku zile za mvua nguo hazikauki, na Bibi alitaka sare yake ya kwaya iwe kavu kabla ya Jumapili. Mwanawe alimkataza kuingiza jiko la mkaa chumbani, kwa hiyo aliliingiza na kupiga komeo. Niligonga. Hakuitika. Kile kidude cha chumbani mwake, kimya.

Nikakimbilia kitufe, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Kengele ikalia. Hakutoka mtu. Nilisikia wageni wanacheka kwamba Mzee amekohoa tena. Mzee naye alikuwa anamwambia Hasheem asikilize, hicho ni cha jikoni, kinalia vizuri sana. Muuza viazi akaendelea kuoga.

Basi nikapiga kelele, mimi ambaye hata kanisani naimba kwa midomo tu.

"Bibi anaungua!"

Walivunja mlango kwa mabega. Bibi alikuwa amelegea kitini, sare inawaka, moto umefika kwenye mto. Hasheem alimbeba nje, Mzee akamwaga ndoo yangu ya deki juu ya moto. Nje kwenye hewa Bibi akakohoa, na mkono wangu ukaanza kutafuta kitufe.

"Ndaga, mwanangu," akamshukuru Hasheem kwa Kinyakyusa. Kisha akaulizia sare.

Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlangoni iliyolowa, analia.

"Andika havifanyi kazi," akamwambia fundi. "Andika vyote."

"Nilishaandika, Mzee. Tangu chumba cha tatu."

FUNDISHO

Ndugu zangu, kifaa cha kuokoa maisha si pambo. Na anayekuja kukipima usimdanganye, maana unayemdanganya ni mama yako aliyelala chumba cha mwisho. Ukiizoesha kengele kusema uongo, siku ya kweli watu wataendelea kuoga.

Langu mimi sijawahi kulisema. Mwaka jana Hasheem alipovifunga vile vidude, mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Aliniambia, "Dada, mwambie Mzee hivi visipakwe rangi." Nikasema ndiyo. Sikumwambia. Siku Mzee anapaka, nilimshikia ngazi ileile, nikiitazama brashi inavyopita.