Kifua cha Bosi

Nyumba ya fundi magodoro ilikuwa nyumba ya chafya. Sufi ya kujazia magodoro ilipeperuka kutwa, ikatua kwenye nyusi, kwenye chai, hata kwenye kitanda cha mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi mitano. Walimwita Bosi, maana hafanyi kazi na anafokea kila mtu.

Basi Bosi alipoanza kupiga chafya, baba yake alicheka. "Huyu keshaajiriwa," alisema, akambusu puani. Fundi mwenyewe alikuwa na mafua siku hizo, lakini nani angejua? Humo ndani kila pua ilikuwa inavuja.

Kesho yake Bosi alikohoa, kamasi zikamchuruzika. Alishika titi, akavuta kidogo, akaliachia, akalia. Ikawa hivyo mpaka alasiri. Mama yake hakuwaza pua. Aliwaza maziwa: yameharibika, mtoto ameyakataa. Akaketi juu ya godoro la mteja na kulia kimyakimya. Fundi akaja na kijiko na dawa yake ya kikohozi.

Ndipo akaingia dada yake fundi, anayewashonea mifuko ya magodoro. Kwa kawaida hafiki mlangoni kabla hajamtania wifi yake. Siku hiyo hakutania. Alimnyang'anya kaka yake ile chupa.

"Hii ilikulaza wewe kama gogo, na mwili wote huo. Huyu itamfanya nini?"

Akampandisha Bosi fulana, akakitazama kifua chake. Alitazama muda mrefu, kiganja kikiwa juu ya tumbo la mtoto.

"Hahemi mbiombio," alisema mwishowe. "Na hapa chini ya mbavu hapabonyei. Mwili hauna joto. Ni mafua, wifi. Maziwa yako hayana kosa. Pua imeziba, sasa atanyonya na kuhema kwa mdomo huohuo mmoja?"

Fundi akatumwa duka la dawa kuleta matone ya maji ya chumvi ya watoto. Wakamtia tone puani, kamasi zikalainika, wakazifuta kwa kitambaa safi. Bosi akanyonya.

Wifi, yule dada wa fundi, akawaeleza mengine. Mafua huisha yenyewe. Mtoto anyonyeshwe kidogo kidogo, mara nyingi. Asipewe dawa za wakubwa, wala asali kabla ya kutimiza mwaka. Lakini akihema haraka, kifua kikibonyea, akipata homa, akikataa kabisa kunyonya au akilegea asiamke vizuri, ni hospitali saa hiyohiyo.

"Umeyajulia wapi yote haya?" mama Bosi aliuliza.

Wifi alikikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Wangu nilisema ni mafua tu. Kifua kinabonyea, mimi namwongezea blanketi. Muuguzi alinifundisha kutazama kifua siku ambayo sikuwa tena na kifua cha kutazama."



Fundi alihamishia sufi kwenye kibanda cha nje. Akawa ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mwanawe, na akaacha kumbusu mpaka mafua yake yalipokwisha. Baada ya siku chache Bosi alipumua vizuri, akanyonya hadi kusinzia, akarudia kazi yake ya kufokea watu.

Lakini wifi, kila ajapo, humpandisha fulana kwanza.

"Kapona, wifi," mama Bosi humwambia.

"Najua," hujibu, na huendelea kutazama.