Neno Lenye Q Bila U

Jumapili hiyo soko la Kibuye, Kisumu, lilikuwa limejaa hadi barabarani. Agneta Nabalayo alikuwa amechakura mitumba mpaka akapata alichotaka: gauni la buluu lenye kola nyeupe, la kumfaa mwalimu. Benta, mwenye nguo, akalifunga kwa gazeti lililokuwa juu ya rundo, akamkabidhi. Agneta hakufika mbali.

"Dada, samahani. Gauni ni lako, lakini gazeti ni langu; nililiweka pale nikichagua shati."

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, anahema kwa kumkimbilia.

"Gazeti la jana?"

"La jana, ndiyo. Sijamaliza ukurasa wa maneno."

Agneta akalikunjua. Ilikuwa ile chemshabongo ya Kiingereza: unapewa idadi ya herufi na mbili tatu zilizomo, neno unalitafuta mwenyewe. Kijana alikuwa amebakiza moja tu. Herufi sita, zikiwemo R na Y, bila A, E, I, O wala U.

"Rhythm," Agneta akasema.

Kijana akahesabu kwa vidole, kisha akacheka. "Mimi nimekesha na hilo neno."

"Pole. Sasa nitafutie karatasi nyingine ya gauni langu."

Aliitwa Dalmas Ouma, na aliuza redio katika duka moja mjini. Agneta alifundisha Kiingereza shule ya msingi na alikuwa amepanga chumba Migosi. Kabla mvua za mwaka huo, 1987, hazijaisha, Rosa, karani wa shule, alikuwa amechoka kumwita kwenye simu.

"Nyar Bungoma," Dalmas alikuwa akimwita upande wa pili, binti wa Bungoma kwa Kijaluo. "Herufi nne, ina L na V."

"Dalmas, niko kazini."

"Jibu kwanza."

"Love?"

"Asante. Nilitaka tu nikusikie ukilitamka."

Jumamosi walikula samaki kwenye vibanda vya ufuoni, gazeti katikati, mafuta ya samaki yakitia madoa kurasa. Siku moja Dalmas alishindwa kabisa: herufi tano, ina Q, haina U.

"Hakuna neno kama hilo," akasema. "Q haitembei bila U."

"Faqir," Agneta akamwambia. "Ni fakiri huyu huyu wetu. Waingereza nao wameazima kwa Waarabu."

Dalmas akaliandika neno. "Jaber, mrembo wangu, mimi nikikukosa nitakuwa fakiri kweli."

Gazeti lile likatangaza shindano la wawili wawili. Mchujo Kisumu, fainali Nairobi, na washindi wangeajiriwa kuandaa ukurasa wenyewe wa maneno. Agneta na Dalmas waliwaacha wenzao mbali kwenye mchujo. Dalmas akampeleka Kisian kwa mama yake, Mama Perez, aliyechinja kuku na kumwita nyathina, mwanangu, tangu mlangoni. Agneta alianza kujiona Nairobi, meza mbili zinazotazamana, jina lake na la Dalmas chini ya ukurasa mmoja.

Kisha Dalmas akamwambia fainali imesogezwa hadi Desemba. "Mhariri amesafiri," alisema, akiangalia viatu vyake. Agneta hakuuliza zaidi. Alimwamini.

Ijumaa moja, saa ya chai, mwalimu mwenzake Wakoli akaingia ofisi ya walimu akashangaa. "Mwalimu, wewe uko hapa? Fainali yenu si ndiyo hii kwenye redio?"

Akaiwasha. Sauti ya mtangazaji ikajaa chumba: "Kutoka Kisumu, Dalmas Ouma na mchumba wake, Seline."

Agneta alimjua Seline. Alikuwa binti ya mwenye duka la redio, na mara nyingi walisalimiana pale kaunta. Kikombe kikabaki mkononi, hakijafika mdomoni.

Maswali yakaenda. Seline hakujibu hata moja. Mwishoni mtangazaji akauliza: herufi tano, ina Q, haina U. Kisha sauti ya Dalmas, tulivu, kama mtu aliyelijua tangu utotoni: "Faqir."

Makofi yakalipuka. Wakoli akanyoosha mkono azime.

"Iache," Agneta akasema. "Nataka nisikie mpaka mwisho."

Jumatatu Rosa akamwita kwenye simu.

"Agi, nisikilize," Dalmas akaanza. "Babake Seline ndiye aliyenilipia safari. Alitaka binti yake apate kazi Nairobi. Ningekataa angenifukuza."

"Na mchumba?"

"Hayo aliyasema mtangazaji."

"Nani alimwambia?"

Dalmas akarudia habari za kufukuzwa dukani; Agneta akamkatiza.

"Ulisema Desemba, Dalmas."

"Nilijua ungeumia."

"Na sasa unadhani sikuumia?" Akaweka simu chini taratibu. "Rosa, akipiga tena, niko darasani."

Miezi ikapita. Habari zikafika kwamba Seline ameacha ile kazi, na amemwacha Dalmas pia. Halafu Jumapili moja mlango wa chumba chake Migosi ukagongwa. Walikuwa Dalmas, amekonda, na mama yake amevaa gauni lake la kanisani, na kikapu cha mayai mkononi. Agneta akawakaribisha. Akamimina chai.

"Nyathina," Mama Perez akasema, "nimekuja kuomba. Huyu amenieleza mlikosana kidogo. Nilisikitika sana malaria ilipokulaza wakati wa fainali, mpaka akaenda bila wewe."

Agneta akamtazama Dalmas. Dalmas akaharakisha maneno. "Agi, nilikosa. Nataka tuoane. Twende Nairobi pamoja. Peke yangu ukurasa umenishinda, lakini mhariri amekubali uchukue nafasi ya Seline."

"Nafasi ya Seline," Agneta akarudia.

"Seline ni nani?" Mama Perez akauliza.

Dalmas akainamisha kichwa. Ikabidi Agneta aseme mwenyewe, na alisema yote kwa sauti ya chini: Desemba, redio, mchumba. "Mimi sikuugua, Mama. Nilikuwa hapa hapa, nasubiri."

Mama Perez akaweka kikombe mezani, chai haijaguswa. "Dalmas, ni kweli?"

"Mama, mimi nampenda huyu."

"Sikuuliza hilo."

"Ni kweli."

Mama akainuka. "Toka. Nisubiri nje."

Dalmas akamtazama Agneta mara moja. Akatoka.

"Nilikuja kuomba binti," Mama Perez akasema. "Sasa hata uso sina."

Agneta akamshika mikono miwili. "Wewe hukunikosea. Karibu tena, Mama. Lakini uje peke yako."

Aliwatazama wakielekea barabarani, mama mbele, mwanawe nyuma. Walipopinda kona akafunga mlango, akaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya redio, akalia.