Mgeni wa Ngazi za Coimbra

Shoga yangu Lubna ana ugonjwa wa kukaribisha watu. Akila, hata kama ni kipande cha mkate, yeyote anayepita ataambiwa karibu. Kazini kwake, duka la dawa huko Missouri City, Texas, Wamarekani wameshamzoea, wanacheka, wanapita. Tulilelewa hivyo Tanga. Naanza na hilo kwa sababu wapo wanaosema alijitakia, na mimi nawaambia wakome.

Mwaka jana, mwezi wa nne, tulipata likizo pamoja. Mimi ni muuguzi Mesquite, jimbo hilohilo. Kutoka kwangu mpaka kwa Lubna ni saa nne kwa gari, na kwa miaka sita tulikuwa tunaonana kwenye harusi na misiba tu. Tukasema safari hii hatuendi nyumbani kugawa zawadi. Tukabeba mabegi ya mgongoni, tukaenda Ureno, mji wa Coimbra, kupanda ngazi za mawe na kupiga picha kama watu wasio na shida duniani.

Siku ya tatu, saa sita mchana, tulikaa kwenye ngazi karibu na kanisa la zamani. Tulikuwa na mkate, samaki wa kopo, na achari ya ndimu ambayo Lubna aliibeba kutoka Texas. Akapita mzee mwembamba mwenye koti refu la kahawia, limepungukiwa kifungo cha katikati. Lubna, mdomo umejaa, akasema, "Karibu."

Yule mzee akasimama.

"Nishakaribia," akajibu. Kiswahili safi, cha bibi zetu.

Akakaa. Hakugusa kitu, aliutazama tu mkate, kwa namna iliyonifanya nijute kuwa nao. Niligeuka kutoa chupa ya maji kwenye begi ili tunawe. Nilipogeuka tena, hakuwepo. Ngazi zilikuwa tupu, juu na chini. Mkate wa Lubna ulibaki nusu, naye aliapa kwamba alikuwa ameumega mara moja tu. Tukacheka. Ndiyo, tulicheka.

Mwezi wa sita Lubna akanipigia simu.

"Yasinta, sishibi," akasema kwa sauti ya chini. "Nime-check kila kitu. Sukari, tezi, minyoo. Daktari anasema niko fine. Nimepungua kilo kumi na moja, shoga."

"Mbona unanong'ona?"

"Tuko mezani."

Lubna anaishi peke yake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa barabarani. Aliponifungulia mlango nusura nisimjue. Mashavu yameingia, dera linamning'inia. Alikuwa amepika pilau, akapakua kwenye sinia moja tule pamoja. Nje jirani alikuwa anakata majani. Jua lilijaa sebuleni. Kiti cha tatu kilikuwa kimevutwa, na sikumwona aliyekivuta.

Nilitazama sinia. Upande wangu haukuguswa. Upande wa Lubna haukuguswa. Upande wa tatu wali ulipungua. Tonge moja. Likapotea. Jingine. Hakuna mkono. Hakuna sauti ya kutafuna. Lubna alishika tonge lake hewani, halifiki mdomoni.

"Anaanza yeye," akanong'ona. "Mimi nakula anachobakiza. Na habakizi."

Niliogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Miaka kumi na tisa nimekaa wodini nikishika mikono ya watu wanaokata roho. Sikuwa tayari kumwona shoga yangu akifa njaa mbele ya sinia la pilau. Ndipo nikakumbuka zile ngazi. Yule mzee aliondoka hajanawa.

Mama yangu aliuza chakula stendi maisha yake yote na hakuwahi kumfukuza mtu. Aliyekaa mno aliletewa maji ya kunawa. Ukishanawa, umemaliza kula. Hata asiye na haya anajua hivyo. Huyu hatukumnawisha. Kwake yeye, mlo wa kule ngazini ulikuwa haujaisha.

Nikaleta jagi na beseni.

"Nawa, baba," nikasema.

Tonge jingine likapotea.

"Nimesema nawa!"

Nikamimina juu ya kile kiti. Maji hayakuanguka moja kwa moja. Yaligawanyika hewani. Yakazunguka vitu vyembamba, vitano. Yakadondoka kwenye beseni, ya kahawia.

"Sijashiba." Sauti ilikuwa sikioni mwangu.

"Njaa yako ulikuja nayo, ondoka nayo. Tulikukaribisha mlo mmoja. Inuka nikusindikize."

Kiti kikasogea nyuma. Nikafungua mlango, nikatembea taratibu mpaka kwenye gari langu, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Niliporudi ndani, Lubna alikuwa amemaliza sinia. Akacheua, akaangua kilio. Mimi pia nililia.

Jioni akanifungia pilau kwenye bakuli lenye mfuniko, nikaliweka kiti cha nyuma. Sikuwa nimefika hata mji wa Huntsville, taa ya mkanda wa abiria ikawaka. Ting. Ting. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu.

Nilikuwa nimemsindikiza mpaka garini. Kosa langu.

Nikaingia kituo cha mafuta, nikafungua mlango wa upande wake.

"Umefika," nikamwambia. "Shuka."

Ting. Ting.

"Shuka, au nikunawishe tena hapa mbele ya watu."

Taa ikazimika.

Nyumbani Mesquite nilifungua bakuli. Halikuwa na punje. Lilikuwa limeoshwa, limekaushwa. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na hiki hakikuwa kitupu: ndani kulikuwa na kifungo cha pembe, chenye uzi wa kahawia.

Lubna amerudisha kilo zake zote, na bado anakaribisha watu. Nami pia. Siachi adabu ya mama yangu kwa ajili ya mfu mroho. Kifungo nilikifungia ndani ya bakuli lilelile, kabatini.

Jumapili iliyopita nililifungua. Vifungo vilikuwa viwili.

Nikajaza jagi maji, nikaliweka mezani kumngoja.