Nilimwambia Odetha Aache Dawa

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto wawili, mshonaji wa nguo hapa Busunzu, Kibondo. Haya ninayoyaandika, hata mume wangu nilimficha kwa muda mrefu...

Moyo wangu una vali ya chuma, yaani kilango cha kupitishia damu. Niliwekewa Dar es Salaam baada ya yangu kuharibika. Daktari alinionya kwamba kila siku, maisha yangu yote, nimeze dawa ya kuzuia damu isigande kwenye chuma hicho, na nipime damu mara kwa mara.

Wodini nilimkuta Odetha, binti wa Kasulu, naye amefanyiwa kama mimi. Tukawa ndugu.

Lakini dawa ile ilinichosha! Hedhi ilinitoka kupita kiasi. Nikijigonga kidogo tu, alama nyeusi mwili mzima. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mume wangu ananipiga!

Ndipo siku moja, kwenye mkutano wa maombi, nikasimama na kutangaza kuwa nimepona, dawa nimezitupa chooni. Vigelegele! Hakuna aliyenituma. Nilipenda tu zile sifa...

Wiki ya tatu nikaanza kuhema nikitoka shambani. Miguu ikavimba. Ningewaambia nini watu walionishangilia?

Odetha akapiga simu. "Dada, nasikia umeacha dawa. Kweli uko salama?"

Nilikuwa nimekaa kitandani, pumzi hazinitoshi. Nikajikaza. "Salama kabisa, mdogo wangu. Acha na wewe, uwe na imani."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini?

Siku chache baadaye nilianguka kwenye cherehani. Damu ilikuwa imeganda kwenye vali, na kipande kikapanda kichwani. Madaktari waliniokoa, ila mkono wa kushoto hadi leo haushiki hata sindano.

Wasomaji wenzangu, nililazwa wiki mbili na simu ikiwa chini ya mto. Sikumpigia Odetha kumwambia ukweli. Niliona aibu! Aibu tu...

Nikiwa bado wodini, habari ikaja. Odetha alianguka akichota maji, hakuamka tena.

Niliporuhusiwa nilikwenda Kasulu kuhani. Mama yake alinikumbatia akilia. "Aliacha dawa, mwanangu. Sijui nani alimdanganya. Wewe hakukwambia?"

"Hapana, mama."

Miezi minne uongo huo ulininyima usingizi. Mwishowe nikamweleza mume wangu, kisha nikarudi Kasulu, nikapiga magoti mbele ya mama yule na kusema yote. Mama akasema kwa Kiha, taratibu, bila kuniangalia, "Nenda ukameze dawa zako. Na hapa kwangu usirudi."

Sijarudi. Dawa nameza.

Ninyi wenye ugonjwa kama wangu, ombeni, salini, lakini dawa msiache bila daktari! Na kama umewahi kumpotosha mtu, mpigie leo, heri aibu ikuue wewe kuliko yeye afe. Mimi simu nilikuwa nayo...