Faili la Joar

Saa ya kahawa, kantini ya chuo mjini Göteborg ilikuwa imefurika watu. Tuva, koti lake la manjano likichuruzika maji ya mvua, alikaribia kuipiga ngumi kompyuta yake.

"Kiti hiki kina mtu?" aliuliza kijana mrefu mwenye sweta ya kijani.

"Kaa tu. Programu ya hesabu imerogwa. Naiomba wastani, inaniletea upuuzi."

Kijana, Joar kwa jina, akachungulia. "Iulize wastani huo inautoa katika faili gani."

Tuva akaiuliza. Ikamwonyesha faili alilolitunga yeye mwenyewe, akalipa jina lilelile la amri iliyokuja na programu.

"Ikikuta faili lako, amri yake yenyewe haiigusi," Joar akacheka. "Libadilishe jina, bibie, halafu uninunulie andazi la mdalasini."

Alinunua mawili. Moyo ulikuwa umeshatekwa, wala hakujitetea.

Walipendana kweli. Joar akamwekea kwenye kompyuta folda ya mafaili aliyoyatunga yeye Joar, ifunguke yenyewe kila programu inapowashwa. "Zawadi, mpenzi. Grafu zitakuwa mteremko."

Tuva alimaliza tasnifu yake ya mafuriko ya mto, akaipigilia msumari ukutani chuoni kama ilivyo desturi ya huko kabla ya kuitetea, gauni jekundu likimkaa vizuri, Joar akimshangilia kuliko wote.

Wiki ya utetezi mbele ya wakaguzi, grafu moja ikamtia shaka. Akaiuliza programu. Ndani ya ile zawadi mlikuwa na amri ya wastani, yenye jina lilelile, aliyoitunga Joar kwa vipimo vya maabara yake; kila namba kubwa mno iliihesabu kosa, ikaitupa. Akampigia simu.

"Joar, folda yako imetupa mafuriko yangu yote! Ulijua?"





"Niligundua kabla ya msumari. Ulikuwa na furaha mno, Tuva. Niliogopa utaniacha."

"Nikuache kwa sababu ya faili? Si ningelibadilisha jina tu!"

"Nakuja. Tutahesabu upya sote wawili."

Alipofika, Tuva alikuwa ameshahesabu. Hitimisho lote lilikuwa limeporomoka. Joar alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Nisamehe, kipenzi."

"Nimekusamehe." Na ilikuwa kweli. "Lakini kuanzia leo kila utakaloniambia nitalikagua, Joar, na mimi siwezi kuishi na mtu ninayemkagua."

Alifunga mlango akiwa bado anampenda. Kisha akamwandikia msimamizi wake kwamba utetezi hautakuwepo.